Kinamasi Kilichokaushwa na Sheria ya Kodi

Uharibifu wa mazingira hauletwi na shoka peke yake. Mara nyingine huletwa na kalamu ya serikali. Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi wangu ni Flow Country, kaskazini mwa Uskoti.

Huko, takribani kilomita za mraba 4,000 zimetandazwa kinamasi mithili ya blanketi. Mmea mdogo wa Sphagnum hunyonya maji ya mvua kama sifongo, na ukifa hauozi wote: masalia yake yamerundikana kwa miaka ipatayo 9,000 yakawa tabaka nene la mboji lililohifadhi kaboni. Kando yake huota Drosera, unaonasa wadudu kwa majani ya kunata, maana udongo wenyewe hauna rutuba.

Katika miaka ya 1980, matajiri wa Uingereza walipunguziwa kodi ya mapato kwa gharama za kupanda miti. Mitaro ikachimbwa, miti ya Amerika Kaskazini ikapandwa, kinamasi kikakauka. Bajeti ya 1988 iliufuta unafuu huo. Mwaka 1995 shirika la uhifadhi wa ndege, RSPB, lilinunua ardhi ya Forsinard. Miti ikakatwa, mitaro ikazibwa. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Flow Country katika Urithi wa Dunia.

Basi kupanda miti si wema kila mahali. Mtumishi wa umma anayeandaa msamaha wa kodi aulize kwanza: ardhi hii tayari inafanya kazi gani? Kifungu cha sheria hufutwa kwa siku moja. Mboji huongezeka takribani milimita moja kwa mwaka.