Taa ya Mlangoni Ni ya Nani? Somo Nililopata Ozi

Wasee, kuna usiku mmoja ulinifunza historia kuliko miaka yangu yote minne ya sekondari.

Nilikuwa nimeenda kumwona bibi yangu Ozi, kule Tana Delta, karibu na Kipini mahali mto unapomwagika baharini. Nikafika saa tatu usiku. Bibi alikuwa matangani kwa jirani, akanitumia ufunguo kwa mtoto. Giza lilikuwa totoro, simu ina asilimia mbili, mbu wananila kama wamelipwa. Nikamulika kufuli, nikaingiza ufunguo, nikazungusha. Wapi! Limekaza. Nikazungusha kwa nguvu, simu ikazima. Hapo nikasimama tu kama mwizi, mlangoni kwa bibi yangu mwenyewe.

Bibi akaja bila tochi. Akapapasa mlango, akainua kile kipande cha tyubu ya baiskeli kinachofunika kufuli, akausukuma ufunguo, akautikisa kidogo, akazungusha. Klik!

"Kufuli la pwani hufunguliwa kwa kidole, mjukuu wangu, si kwa ubavu."

Nikamwambia, bibi, nikirudi nakuletea taa kubwa ya sola, ile ya kujiwasha mtu akipita. Nilidhani atafurahi. Akanyamaza, kisha akasema, "Taa kubwa mlangoni ni ya anayekuja. Si yangu mimi."

Kusema kweli, niliona ni ushamba. Halafu nikaanza kuchimba historia, na nikajua mshamba ni mimi.

Anza na maneno. Kufuli ni neno la Kiarabu. Fanusi na kandili pia zilikuja kwa njia hiyo hiyo ya biashara ya bahari. Lakini ufunguo, komeo, kufunga na kufungua ni Kibantu, ni vyetu wenyewe. Yaani chuma cha kufungia nje kilikuja na jahazi, ila wazo la kujifungia ndani tulikuwa nalo.

Sasa tazama milango ya kale ya Lamu. Nje kuna mnyororo unaotiwa kufuli, kwa wakati mwenye nyumba ametoka. Akiwa ndani, ulinzi wake ni komeo la mti. Na taa? Nenda Gede, ule mji wa magofu ulioingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2024. Kwenye kuta za mawe utaona vijishimo vya kuwekea taa. Mwanga wa zamani ulikuwa mdogo, wa mafuta, ukiwekwa pale mkono unapofanya kazi. Hakuna aliyejaribu kuangaza barabara nzima.

Wa kuangaza barabara alikuwa sultani. Kampuni ya Kenya Power husimulia kwamba stima yetu ilianzia kwa Seyyid Barghash wa Zanzibar, aliyenunua jenereta mwaka wa 1875 kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka wa 1908 jenereta hiyo ikachukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ndipo kampuni ya kwanza ya umeme Mombasa ikazaliwa. Cheki hiyo vizuri. Taa ya nje ilianza kama kitu cha kuonyesha ukubwa. Sultani alitaka aonekane, na hakuwa na shida kuonekana, kwa sababu alikuwa na askari mlangoni.

Bibi yangu hana askari. Hata stima haijamfikia. Miaka mingi alitumia koroboi, hadi mafuta ya taa yakapanda. Mwaka wa 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Waliochanganya dizeli walikuwa matajiri wa mafuta, waliobaki gizani walikuwa kina bibi.

Na kuna mwaka mwingine ambao hauwezi kuuruka ukiongea na mtu wa Tana. Kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100. Riketa, Kilelengwani, Kipao. Pande zote mbili zilizika watoto. Septemba serikali ikatangaza kafyu, watu wawe ndani kuanzia jioni. Mimi nilikuwa darasa la chini huko Mombasa, naona kwa TV tu. Bibi alikuwa huku.

Aliniambia miezi ile hakuna aliyewasha chochote nje. Ukiwasha taa, wewe uliye karibu nayo unaonekana na kila mtu aliye gizani, na wewe humwoni hata mmoja. Hii si hofu ya mzee, ni kazi ya jicho. Jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mkali unafuta yote hayo kwa sekunde. Lile fladi lililokuwa kichwani mwangu lingemfanya bibi kipofu ndani ya ua wake, huku likimwonyesha kila mpita njia kufuli ni la aina gani, na kama liko nje, yaani mwenyewe hayupo.

Sasa najua mtasema: kwa hiyo akae gizani? Hapana. Mkono wa mzee unatetemeka, nyoka wapo, ufunguo ukianguka mchangani ni balaa. Anahitaji taa. Swali ni inamulika nini na inamtumikia nani.

Basi tulifanya hivi. Taa ndogo ya sola, mwanga wa manjano, kwa sababu mwanga mweupe huita wadudu zaidi. Tukaifunga chini ya upenu na kuivisha kipande cha kopo juu na kando, mwanga ushuke kwenye kufuli peke yake. Ukisimama njiani huoni kitu. Swichi iko ndani. Bibi akitoka jioni kwenda kwa jirani, anaiwasha. Akirudi, anatia komeo na kuizima.

Kufuli lenyewe tulibadilisha pia, maana adui wa kwanza huku si mwizi, ni chumvi. Upepo wa bahari huileta, nayo hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo chuma hubaki na majimaji hata bila mvua, kutu inatafuna mchana na usiku. Tukanunua la shaba ya njano. Kosa letu lilikuwa kuliacha likigusana na chuma cha kawaida mlangoni. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa haraka, na hapo dhaifu ni chuma. Fundi akatuwekea chuma kisichoshika kutu. Sasa bibi hulifuta kwa kitambaa chenye maji baridi, hulikausha, halafu tone la mafuta ya cherehani. Na tyubu yake ya baiskeli imebaki pale pale. Hiyo teknolojia haikuhitaji kuboreshwa.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo wakulima wa Ozi wanailalamikia mashambani, maji ya bahari yakipanda mtoni na kuua mpunga. Mlango wa bibi ni sehemu ndogo tu ya vita hivyo.

Ninachosema ni hiki. Sisi wa mjini tumefunzwa kwamba mwanga mwingi ni usalama mwingi, ndiyo maana kila ploti ina fladi inayompiga jirani machoni. Tumerithi taa ya sultani bila askari wa sultani. Kabla hujamnunulia mzee wako kitu cha kumlinda, muulize kwanza anaogopa nini na alikuwa wapi mwaka ule. Mimi nilikuja na jibu kabla sijauliza swali.

Mara ya mwisho nilipoenda, nilifika usiku tena. Kufuli lilikuwa linang'aa peke yake gizani, dogo kama kimulimuli. Nikafungua kwa kidole.