Mkaja: Deni la mama mzazi lililosahaulika

Waulize vijana maana ya neno 'mkaja' na wengi watakwambia ni sehemu ya mahari, fungu analopewa mama wa bibi harusi. Hawajakosea. Lakini je, fungu hilo lilitoka wapi? Na kwa nini apewe mama?

Asili yake ni nguo. Mkaja ni kitambaa alichofungwa mwanamke wa pwani tumboni baada ya kujifungua. Anayekuja kuoa humlipa mama mkwe kwa ajili ya lile tumbo lililomzaa binti. Vivyo hivyo 'ubeleko', nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, nao ukaingia katika zawadi za harusi.

Tazama pia neno 'mzazi'. Kwa wengi wetu ni baba au mama yeyote. Maana yake nyingine, ambayo kamusi zingali zinaitaja, ni mwanamke aliyejifungua karibuni. Mzazi huyo hakuachwa peke yake. Alikaa ndani siku arubaini, akakandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga. Siku hizo zilikwenda sambamba na 'nifasi', neno tulilolipata kutoka Kiarabu, yaani damu ya uzazi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, nifasi kwa kawaida huwa siku 40 na haizidi 60.

Sayansi nayo inasemaje? Mtoto akishatoka, mji wa mimba huwa na uzito wa takriban kilo moja. Baada ya wiki sita, yaani siku 42, huwa umepungua hadi chini ya gramu 100. Hesabu ya wazee haikuwa mbali! Ila kinachoupunguza si mkaja. Ni misuli yake yenyewe inayojikaza, hasa mtoto anaponyonya, na ndiyo sababu mzazi huhisi chango akinyonyesha. Mkaja huegemeza tumbo na mgongo tu, na ukikazwa kupita kiasi waweza kumdhuru.

Siku hizi mzazi aliyejifungua salama huruhusiwa kutoka hospitalini baada ya siku moja au mbili. Akifika nyumbani, wageni wote humkimbilia mtoto. Ilhali damu inayotoka kwa wingi, homa, maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu ni dalili za kumrudisha hospitalini papo hapo, si za kungojea arubaini iishe. Faida kubwa ya arubaini ilikuwa kwamba kulikuwa na mtu wa kumtazama mama mwenyewe, usiku na mchana.

Sasa tunalipa mkaja kwa maelfu ya shilingi, kwa vigelegele, na miezi kadhaa baadaye bibi harusi yuyo huyo anajifungua na hana hata wa kumkorogea uji. Kama ni hivyo, basi tumelihifadhi neno, nguo tukaitupa.