Alama ya Wino Mwekundu

Kwa miaka mingi, mtoto wa shule katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, iitwayo Eastlands, aliogopa nambari ya wino mwekundu kuliko fimbo. Serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika sehemu hiyo: Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920, na Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940 kwa wafanyakazi wenye jamaa zao. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa mlango mwembamba. Aliyepita aliendelea na masomo; aliyebaki nje alikwenda kutafuta kazi.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini mlango haukupanuka upesi. Mwaka 1966 ulianza mtihani wa Cheti cha Elimu ya Msingi, ambao watahiniwa walichagua jibu moja miongoni mwa majibu waliyopewa. Mwisho wake mtoto aliletewa matokeo, akajua kwamba ameshinda au ameshindwa. Je, alikosea wapi, na kwa nini? Alama haikumwambia.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kuhusu Kenya, na miongoni mwa mambo mengine likashauri kwamba mtihani huo utengenezwe upya. Katika miaka iliyofuata, mtafiti H. C. A. Somerset na wenzake wakafanya jambo jema: walichunguza majibu yenyewe ya watahiniwa, hasa yale yasiyo sahihi, kisha Wizara ikapeleka jarida mashuleni kuwaeleza walimu makosa yaliyotokea sana na fikira zilizoyazaa.

Msomaji, pima faida yake kwa mfano huu. Mtoto ameulizwa nusu na robo ni ngapi, akaandika 2/6. Mwalimu akitia mkasi mwekundu na kupita, mtoto atajua tu kwamba amekosa, na kesho atakosa vile vile. Lakini mwalimu akiandika kando, “Umejumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, kwanza geuza nusu iwe robo ngapi?” mtoto ameonyeshwa njia, naye ataitembea mwenyewe mpaka afike kwenye 3/4.

Kazi hiyo si nyepesi. Mwalimu mwenye madaftari hamsini mezani hawezi kuandika barua katika kila daftari. Hata hivyo aweza kuchagua kosa moja lililo kubwa kuliko mengine, aliandikie neno moja, na kosa la wengi alifundishe upya ubaoni.

Mtihani wa 1966 ulikwisha kuondolewa, na ule ulioufuata mwaka 1985 ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala mpya mwanafunzi huambiwa amefikia matarajio, au ameyakaribia. Maneno haya ni ya upole kuliko nambari, lakini nayo yakiachwa peke yake hayafundishi. Aliyeambiwa amekaribia ana haki ya kuuliza: imebaki hatua gani?

Basi nawe daftari lako lirudipo, usiitazame alama tu na kulifunga. Soma neno la mwalimu, rudia hesabu ile, na kama hakuna neno, nenda kwa adabu ukaliombe. Kuuliza si ujinga.