Kornetiti

Kornetiti ni madini adimu ya fosfati ya shaba, yenye fomula Cu₃(PO₄)(OH)₃ na rangi ya buluu iliyokolea au ya buluu-kijani. Yalitambuliwa kwanza katika mgodi wa Étoile du Congo, uitwao pia Kalukuluku, karibu na Lubumbashi, Haut-Katanga. Jina linamuenzi Jules Cornet (1865–1929), mwanajiolojia Mbelgiji aliyechunguza miamba ya Katanga katika msafara wa Bia-Francqui wa 1891–1893.

Fuwele zake ni za mfumo wa othorombi: mihimili mitatu ya urefu tofauti, takriban nanomita 1.085, 1.405 na 0.709, hukutana kwa nyuzi 90. Chembe moja ya msingi hubeba atomi 24 za shaba. Mpangilio huo ulibainishwa mwaka 1964 kwa njia ya Monte Carlo. Kila atomi ya shaba huzungukwa na oksijeni nne za karibu, pamoja na moja au mbili zilizo mbali zaidi. Mazingira hayo yaliyopotoka ndiyo chanzo cha rangi, kwani shaba humo hufyonza mwanga mwekundu.

Kornetiti huzaliwa pale maji yenye fosfati yanapokutana na shaba iliyooksidishwa karibu na uso wa ardhi. Mara nyingi huonekana kama utando wa fuwele ndogo zinazong'aa juu ya mwamba, pamoja na malakiti na pseudomalakiti. Ikitiwa asidi ya hidrokloriki huyeyuka bila kutoa mapovu, tofauti na malakiti. Hupatikana pia Bwana Mkubwa, Zambia.