Amana Iliyo Chini ya Tandiko



Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu ametutajia farasi, nyumbu na punda kuwa ni katika neema alizotuumbia tupate kuzipanda, na kabla ya hapo amewataja wanyama wanaotuchukulia mizigo yetu mpaka nchi ambazo tusingezifikia ila kwa taabu. Na kila aliyepewa neema ataulizwa juu yake. Basi leo natutazame jambo moja dogo katika neema hiyo, nalo ni matandiko: tandiko lenyewe, nguo iliyo chini yake, mshipi wa tumboni, hatamu na lijamu. Tutalitazama kwa habari za njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita chini ya milima ya Uluguru pale penye Morogoro ya leo. Njia hiyo iliua wanyama wengi mno, na watu wakabaki wakiulizana ni nini kilichowaua.

Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akitayarisha safari ya kwenda kumtafuta Livingstone. Ameandika katika kitabu chake kwamba alinunua punda, lakini matandiko ya mizigo yaliyomfaa hakuyapata. Basi akatengeneza la kwanza mwenyewe kwa turubai, kamba na pamba, akamtandika punda mkali wa Unyamwezi na kumpakia mzigo wa ratili 140. Punda akaruka na kupiga mateke, lakini hapana kilichokatika. Hapo akampa kazi mwenzake, Farquhar, atengeneze mengine 21 kwa mfano huo, na akanunua vitambaa vya sufu vya kuwekwa chini yake ili migongo isichubuke. Mtu huyu hakuwa wa dini yetu, na mengi katika mwenendo wake hayasifiki, lakini haki lazima isemwe: katika jambo hili alifikiri kabla ya kupakia.

Sayyid Barghash bin Said naye alimpa farasi wa Kiarabu wa rangi ya kijivu, na Stanley alikuwa na farasi mwingine mwekundu. Akatoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, na masika yako mlangoni. Hawakufika mbali. Walipokuwa Kingaru, kabla ya kuufikia mji wa Simbamwene, yule farasi wa Sayyid akafa. Stanley akampasua, akakuta tumbo limejaa minyoo. Akamzika, na mkubwa wa pale akamdai faini ya doti mbili kwa kuzika mnyama katika ardhi yake bila ya idhini. Kabla habari hiyo haijapoa, farasi wa pili naye akafa.

Msafara ukapita Simbamwene, mji wenye ukuta wa mawe uliojengwa na Kisabengo, ambao wakati huo ulitawaliwa na binti yake. Baada ya hapo wakaingia katika bonde la Mkata, ambalo Stanley ameliandika Makata. Mvua zilikuwa zimeligeuza kuwa ziwa la matope, na punda wengi wakafia huko na baada ya huko. Matandiko mazuri yaliyotengenezwa Unguja hayakuwaokoa.

Pengine utasema, ndugu msomaji: ikiwa mnyama atakufa kwa minyoo, kwa matope au kwa mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, basi kuna faida gani kuhangaika na usafi wa tandiko lake? Swali hili lina jawabu, na jawabu tunaipata katika safari nyingine iliyotangulia hiyo kwa miaka mitano, mbali upande wa kusini.

Mwaka 1866 Livingstone aliingia bara kwa njia ya mto Ruvuma. Alichukua ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, nyumbu na punda, kwa makusudi ya kujua ni mnyama gani anayeweza kustahimili kuumwa na mbung'o. Lakini askari wa Kihindi aliowakabidhi wanyama hao waliwapakia kupita kiasi na kuwapiga, hata miili yao ikajaa vidonda. Wanyama wakafa mmoja baada ya mmoja. Na Livingstone, ambaye alitaka kulipata jibu, hakuweza kulipata, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema kwa hakika kama aliyeua ni mbung'o au ni mkono wa binadamu.

Tafakari jambo hilo. Mnyama hana ulimi wa kushitaki. Akianguka njiani, ni rahisi sana kusema ni mbung'o, ni mvua, ni ajali yake imefika. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, lakini kidonda cha tandiko ni chetu sisi. Ukitaka kujua ukweli inua tandiko utazame, maana ushahidi uko hapo chini.

Ujinga ulikuwa udhuru wa watu wa zamani. Katika miaka ya 1890 David Bruce alithibitisha, huko Uzulu, kwamba mbung'o ndiye anayepeleka vijidudu vya ugonjwa wa nagana katika damu ya mifugo. Hata hivyo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, farasi waliletwa kwa maelfu katika nchi hizi hizi. Jeshi la Jenerali Smuts liliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na wapanda farasi wa Jenerali Brits wakatumwa kuizunguka milima ya Uluguru upande wa magharibi waende Kisaki. Njia za milimani zilikuwa nyembamba, na chini yake mlikuwa na mbung'o. Farasi walipewa dawa yenye sumu ya aseniki ili wasogezewe siku, na huku inajulikana kuwa hawatapona. Katika vita vile wanyama walikufa kwa makumi ya maelfu. Safari hii hapakuwa na wa kusema hakujua.

Sasa tutazame mafunzo ya dini yetu. Sahaba Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba wao walipotua kituoni hawakuwa wakisali sala za sunna mpaka kwanza wawaondolee wanyama mizigo na matandiko. Sala ya sunna ina utukufu wake, lakini mgongo uliochoka ulitangulizwa. Na Bwana Mtume (s.a.w.) alipomwona ngamia aliyekonda hata mgongo umeshikana na tumbo, aliwaonya watu wamche Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema. Na alikataza migongo yao isigeuzwe kuwa mimbari, mtu akakaa juu yake akizungumza na hali mnyama amesimama na mzigo.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, jasho la farasi na la punda ni tohara. Basi hatuoshi tandiko kwa kuogopa najisi ya jasho. Tunaliosha kwa ajili ya mnyama mwenyewe. Lakini jasho likikauka pamoja na vumbi hugeuka maganda makavu, na maganda hukwaruza ngozi mpaka ikatoka damu na usaha, na hivyo ndivyo najisi. Uvivu wetu ndio unaolitia najisi tandiko lililokuwa tohara.

Kazi yenyewe si nzito. Ukishusha mzigo, sugua upande wa chini wa tandiko kwa brashi ngumu mpaka matope na manyoya yatoke. Nguo ya chini ifue kwa sabuni na uisuuze vizuri. Ngozi ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, uikaushe kivulini, wala usiiweke juani au karibu na moto maana itapasuka. Kisha ipake mafuta kidogo. Lijamu lisafishe kwa maji matupu, kwa kuwa linaingia kinywani. Pitisha kiganja chini ya tandiko: penye donge la pamba au fundo la kamba ndipo patakapoota kidonda, basi pafumue upashone upya. Uti wa mgongo usibebe uzito. Usiliache tandiko sakafuni. Litundike mahali penye hewa, hasa wakati wa masika, lisiote ukungu.

Mambo haya si ya vitabuni tu. Lamu punda bado anabeba mawe, mchanga na watu, na tangu mwaka 1987 kuna kituo pale cha kuwatibu punda bila malipo. Kila mwenye punda, na kila mzazi ambaye mwanawe hutumwa na punda, ana tandiko moja la kulitazama leo jioni kabla ya adhana ya magharibi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale wanaotunza amana hata pale pasipoonekana na macho ya watu. Amin.