Jina "python" lilikuwa la nani?

Wasomaji, leo historia kidogo. Skripti nyingi za zamani za Python kwenye Linux huanza na mstari huu: #!/usr/bin/python. Ukiiendesha skripti, kerneli husoma zile alama mbili za mwanzo, kisha humkabidhi kazi mkalimani aliyeko kwenye njia iliyotajwa. Haimuulizi yeye ni toleo gani. Aliyekalia kiti ndiye mwenye kazi.

Kwa miaka mingi hilo halikusumbua mtu. Kisha Desemba 2008 ikaja Python 3.0, nayo kwa makusudi haikupatana na Python 2. Wengi walilalamikia print, lakini hiyo ni afadhali: skripti inakataa papo hapo na kosa unaliona. Mimi naogopa alama ya kugawanya. Katika Python 2, 7/2 ni 3. Katika Python 3 ni 3.5. Hakuna onyo lolote. Sasa fikiria ni skripti ya kugawa pesa za chama!

Basi kiti apewe nani? Oktoba 2010, Arch Linux ilimpa Python 3. Skripti zilizotegemea maana ya zamani zikaanguka. Mwongozo wa PEP 394, ulioanza kuandikwa Machi 2011, ukashauri kinyume: kwa wakati huo python ibaki Python 2, na anayetaka mpya aandike python3. Python 2 ilipokaribia mwisho wa kuhudumiwa, tarehe 1 Januari 2020, mjadala ulirudi. Fedora 31, ya Oktoba 2019, nayo ilimpa jina Python 3.

Debian 11, ya Agosti 2021, ilikiacha kiti wazi. Vifurushi vyake vilivyoandikwa kwa Python 3 hutaja /usr/bin/python3 waziwazi. Mwenye mashine akitaka jina fupi, alichagua mwenyewe kifurushi: python-is-python3 au python-is-python2. Debian 12 ya mwaka 2023 iliiondoa kabisa Python 2, lakini uamuzi wa jina fupi ukabaki wa mwenye mashine.

Kwa maoni yangu, Debian walifanya la busara. Njia kama /usr/bin/python ni ahadi kwa watu ambao watengenezaji wa distro hawatawahi kukutana nao: mhasibu fulani mwenye skripti iliyoandikwa na kijana aliyeshahama kazi, na hakuna anayeielewa tena. Ukibadilisha maana ya jina, skripti yake inaweza kuendelea kukimbia na kutoa hesabu nyingine. Ukiliondoa jina, inasimama, na mtu analazimika kuitazama. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, andikeni python3 kwa ukamilifu. Ni herufi moja tu zaidi.