Skrini Inazima Ukicheza PS2 Kwa Laptopu? Usiibebe Mpaka Malindi Kabla Hujasoma Hii

Picha ni hii. Jumapili saa tisa mchana, Garsen, jua limeshika mabati. Kachumba kadogo karibu na steji, TV moja, laptopu moja ya ex-UK, na wasee kama wanane wanangoja zamu. PES 6, dakika ya 88, moja kwa moja. Mara skrini nyeusi, tii! Baada ya sekunde kadhaa Windows inarudi, lakini gemu haijarudi. Mmoja anataka mbao yake, mwingine anaapa alikuwa karibu kufunga, na mwenye kibanda anaiangalia laptopu kama imemtusi.

Shida ni kwamba hiyo laptopu si ya gemu tu. Asubuhi ndio inafanyia watu eCitizen na KRA. Ikilala, jikoni pia panalala. Kwa hivyo kama ni wewe, tulia kwanza. Mara nyingi mashine haijakufa. Kilichoanguka ni draiva ya grafiki, yaani ile programu inayofanya Windows na chipu ya picha zielewane, na dawa nyingi hazikuli hata bob.

Nini hasa kinatokea

Tangu Vista ya 2007, Windows ina mlinzi anaitwa TDR. Chipu ya picha ikipewa kazi na ikae sekunde 2 bila kujibu, mlinzi anasema huyu amelala, anaangusha draiva na kuiamsha upya. Ndio ile giza unaona. Programu za kawaida huvumilia hiyo ngumi. Emuleta mara nyingi haiwezi, kwa sababu picha zote ilikuwa imepanga kwa memori ya chipu zimefagiliwa. Na ikitokea zaidi ya mara 5 ndani ya dakika moja, Windows inachoka kabisa: skrini ya bluu.

Mbona PCSX2 na si filamu? Chipu ya picha ya PS2 ilikuwa na memori ya MB 4 tu, lakini ilikuwa na mbio ya ajabu ndani ya hiyo memori, na watengenezaji gemu waliitumia vile walivyotaka. Wanachora juu ya mchoro, wanafuta, wanachora tena. Emuleta inalazimika kutafsiri hayo yote kwa chipu yako ya Intel, kwa njia ambazo gemu za kawaida za kompyuta haziombi. Draiva ikiwa na mahali padhaifu, emuleta itapapata.

Kwanza jua ni kifo gani

Skrini ikizima na kurudi, hiyo ni draiva. Laptopu ikizima yote, pap, bila kurudi, hiyo ni joto ama stima: betri imekufa, chaja inacheza, voltage imeshuka. Na gemu ikijifunga tu bila skrini kuzima, shuku seting za emuleta ama faili ya gemu yenyewe.

Ukitaka ushahidi, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, halafu System. Tafuta kosa namba 4101 kwa saa ile ile mambo yaliharibika. Hapo utaona jina la mshukiwa: igfx ni Intel, nvlddmkm ni Nvidia, na ikianza na amd unajua mwenyewe.

Jaribu za bure kabla ya bando

Watu wengi huanza kwa kudownload draiva. Hapo ndio bando huisha bure, kwa sababu ya Nvidia pekee hupita MB 500. Anza na kibonyezo kimoja. Ndani ya PCSX2, gemu ikiendelea, bonyeza F9. Hiyo inahamisha kazi ya kuchora kutoka kwa chipu ya picha hadi kwa prosesa. Itakuwa polepole na picha itakuwa na vichanga, sawa. Lakini ikikaa nusu saa bila kuanguka pale ilipokuwa ikianguka, umejua prosesa na faili ya gemu ziko fiti. Mchawi yuko upande wa grafiki.

Ukishajua hivyo, rudisha F9 na ucheki "Internal Resolution". Hapa ndio wengi hujichoma. Ukiweka 2x, pikseli zinakuwa mara 4. 3x ni mara 9. 4x ni mara 16! Msee ana laptopu ya 2012 na anataka San Andreas ing'ae kama ya jana. Weka Native, cheza siku mbili, ndio upande. "Blending Accuracy" nayo iache kwa Basic.

Halafu "Renderer". Hii ina ukabila wake. ThinkPad T430 na wenzake wa kizazi cha tatu cha Intel wana HD 4000. EliteBook 840 G1 ni kizazi cha nne. Kwa Windows, hizo hazina Vulkan. Usipoteze muda nayo, chagua Direct3D 11. Ukiwa na kizazi cha sita kwenda juu, kama 840 G3, Vulkan iko na inafaa kujaribiwa. OpenGL iweke kama akiba. Laptopu yako ikiwa na chipu mbili za picha, hakikisha emuleta inatumia ile kubwa: kuna sehemu ya "Adapter" hapo hapo chini ya Renderer.

Sasa draiva yenyewe

Fungua Device Manager, uende Display adapters. Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter", maze, huna draiva kabisa. Aliyekuwekea Windows kwa flashi aliondoka mapema.

Kama draiva iko na shida ilianza juzi tu, shuku apdeti. Windows hupenda kubadilisha draiva usiku bila kukuambia. Fungua jina la chipu, ingia Driver, bonyeza "Roll Back Driver". Inarudisha ya zamani bila kutumia hata MB moja. Ikiwa kitufe kimefifia, hakuna ya kurudia. Ili isijirudie, weka hotspot ya simu yako kama "metered connection" kwa Windows. Kwa kawaida itaacha kuvuta draiva kwa hiyo laini, na bando lako litapumua pia.

Ukilazimika kudownload, nenda kwa tovuti ya HP, Lenovo ama Dell na uandike modeli iliyo chini ya laptopu. Ama Intel, Nvidia na AMD wenyewe. Basi. Mimi nikiwa bado college niliamini kaprogramu fulani kanakosema "draiva zako 14 zimezeeka". Nilipata matangazo ya kamari kwa kila tabu na draiva ya sauti ikapotea. Nilikuwa nacheza tu, hasara ikawa yangu. Kwako, ambaye watu wanaandika nambari ya kitambulisho na nywila za KRA kwa hiyo kibodi, hapo ni kuchoma jina kabisa.

Draiva za zamani zikirundikana, DDU huzifagia zote. Itumie ukiwa Safe Mode, na uzime intaneti kwanza, la sivyo Windows inakimbia kuweka yake kabla hujaweka yako.

Utasikia pia ushauri wa kuongeza TdrDelay kwa rejista, mlinzi angoje sekunde 8 badala ya 2. Inafanya kazi wakati mwingine. Lakini ni kumwambia askari ahesabu polepole. Mwizi bado yuko ndani. Mimi huiweka mwisho.

Joto la hapa si mchezo

Chipu ikipata moto inajipunguza mbio, na kazi iliyokuwa inaisha haraka inaanza kukokota. Kwa hivyo gemu inayokaa vizuri saa mbili usiku na kuanguka saa nane mchana inakwambia kitu. HWiNFO ni ya bure, itakuonyesha digrii. Zikikaribia 100, acha kubonga kuhusu draiva. Vumbi la Garsen hujaza feni. Izime, toa betri, shika feni isizunguke, pitisha brashi laini. Weka kitu chini ya laptopu ipate hewa, na usiiweke juu ya kitambaa cha meza, hata kama mama ndiye alikitandika.

Ukiwa ndani kumbuka kucheki RAM. Intel haina memori yake ya picha, inakopa kwa RAM. Vipande viwili vya GB 4 hubeba grafiki vizuri kuliko kimoja cha GB 8.

Na kwa kibanda: sevu kwa memori kadi ya gemu yenyewe, si F1 peke yake. Sevu za F1 zinaweza kukataa kufunguka ukibadilisha toleo la PCSX2, na hapo ligi nzima imeenda.

Wa PPSSPP kwa simu, nyinyi kwa kawaida hamna cha kudownload. Draiva huja na apdeti ya simu. Ikianguka, badilisha "Backend" kutoka Vulkan hadi OpenGL na ushushe resolusheni. Kwa wengi, hapo ndio mwisho wa uwezo.

Lakini ukiwasha laptopu na uone mistari ama madoa ya rangi kwa nembo ya HP, kabla hata Windows haijaamka, hiyo si draiva tena. Wakati huo draiva haijaingia kazini. Ni skrini, waya wake, ama chipu. Iunganishe na TV: picha ikiwa safi huko, ni skrini ama waya. Mistari ikifuata mpaka kwa TV, ni chipu, na sasa unaweza kutafuta gari ya Malindi.